Sanduku la Filomena

Kihonda, Morogoro
11 Februari 2024

Mjomba Severini,

Shikamoo. Mimi mzima na Happiness mzima. Ameanza darasa la kwanza mwezi uliopita na tayari amepoteza sweta. Kihonda joto limekaza, ukikaa ndani unaiva, ukikaa nje unaungua. Mama Wilfred mpe shikamoo yake, mwambie zile plamu za Krismasi ziliisha kabla sijatafuta bakuli. Najua simu huisikii tena vizuri, ndiyo maana naandika, na Dadi amekubali kuwa posta yetu kwa lile Fuso lake la mboga.

Ulimuuliza Dadi kama bado nachora mabango. Sichori, Mjomba. Siku hizi kila kinyozi anachapishiwa bango kwa kompyuta na kulitundika kabla chai yake haijapoa. Nilikaa miezi bila kazi ya maana. Halafu jirani yangu Sabra akawa anasafisha studio ya picha ya marehemu baba yake, akakuta maboksi kumi na moja ya picha ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Watu walipiga picha, wakaondoka, hawakurudi. Alitaka kuzichoma. Nikamwambia nipe mimi.

Mwanzo nilizibandika tu ubaoni, bapa, na kupaka juu yake rangi za mabango zilizobaki. Hazikunipendeza, zilikaa kama matangazo ya vifo. Siku moja gundi ikakauka vibaya, mwanamke mmoja akabanduka nusu na kusimama mbele ya wenzake. Nikamwacha hivyohivyo. Tangu siku hiyo sibandiki, nasimamisha. Nawakata watu kwa wembe, nawapanga ndani ya sanduku la mbao safu kwa safu, wengine mbele, wengine kati, wengine nyuma kabisa. Ukisogea kulia mtu anajificha, ukisogea kushoto anatokeza.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Mwalimu Kristina, anayefundisha sanaa sekondari, amenipatia ukumbi mjini mwezi wa sita nionyeshe masanduku kumi. La kumi nataka liwe la mama. Alipofariki nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka mikono yake ikimenya njegere. Uso siukumbuki. Juzi Happiness ameniuliza bibi yake alifananaje, nikamjibu alikuwa mzuri, kama mtu anayesifia chakula ambacho hakukionja. Tangu utoto wangu umeniambia picha yake ipo kwako, imetunzwa, nitaiona nikikua. Mjomba, nina miaka thelathini. Naomba umpe Dadi.

Mwanao,
Jesca


Mgeta
3 Machi 2024

Mpwa wangu Jesca,

Marahaba, mama. Huku hatujambo, ukiacha magoti yangu, nayo nimeyazoea kama mtu anavyomzoea mke mkorofi. Mama Wilfred asisome hapa. Njegere zimekubali, kabichi zimeliwa na wadudu. Kigango kimepata kengele mpya, wanasema inasikika hadi ng'ambo ya mto. Mimi siisikii, kwa hiyo nikiona watu wanateremka na mimi nateremka.

Barua yako nimeisoma mara mbili, halafu nikamsomea seremala wetu Gervas nione kama yeye ataelewa. Akaniuliza, "Huyo mtoto anajenga kabati au anajenga nyumba?" Nikamwambia anajenga kijiji cha watu waliosahau picha zao. Alicheka mpaka akaweka randa chini. Lakini ameuliza na swali la fundi: pembe za masanduku umeunga kwa misumari au umechonga meno ya mbao yanayoumana? Misumari peke yake itakuaibisha ukumbini. Chonga meno.

Na hao watu unaowakata, umewaomba ruhusa? Nauliza tu. Mtu akiwa katekista miaka arobaini, hata akistaafu mdomo haustaafu.

Nimempa Dadi debe la njegere na viazi kidogo. Happiness ale, apate nguvu ya kutafuta sweta.

Mjomba wako,
Severini


Kihonda
17 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Njegere tumekula siku tatu mfululizo na sweta limepatikana, lilikuwa kwa mwalimu. Meno nimechonga. Jino la kwanza lilitoka kama la mtoto anayeota meno, la pili likatulia. Mwambie Mzee Gervas asante.

Ruhusa sijaomba kwa sababu sijui watu hao wako wapi. Lakini nyuma ya kila picha baba yake Sabra aliandika jina na tarehe kwa penseli, na mimi sifuti. Masanduku yangu hayana mgongo. Yanasimama katikati ya chumba, mtu akizunguka nyuma anasoma majina yote. Hiyo ndiyo heshima ninayoiweza.

Picha ya mama hukuitaja. Nadhani ilikupita. Naomba tena.

Jesca


Mgeta
28 Aprili 2024

Mwanangu Jesca,

Marahaba. Usione kimya. Mvua zimekata barabara kabla hujafika Mlali, Fuso la Dadi lilikwama huku wiki mbili, karoti zikaoza ndani ya matenga watu wakiziangalia. Mama Wilfred alishikwa na malaria. Amepona, ameanza kunigombeza, na hiyo ndiyo dalili tuliyokuwa tunaingoja. Wilfred mwenyewe yuko Dodoma bado.

Kuhusu ile picha. Ipo. Iko ndani ya sanduku la bati, na ufunguo wa sanduku hauonekani. Tena mwaka huu unyevu umezidi, picha ikitolewa masika inaharibika. Ngoja kiangazi.

Na nikwambie neno, mimi mjomba wako. Mkasi na wembe si vitu vya kupeleka kwenye uso wa mtu. Ukishakata umekata. Fanya masanduku yako, Mungu akubariki nayo, lakini mama yako mwache alipo.

Severini


Kihonda
23 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Happiness amekuwa wa tano darasani. Maonyesho yamepita na hakuna sanduku lililoanguka. Watu walikuja wengi kuliko viti, wakazunguka nyuma kama nilivyotaka, wengine wakasoma majina kwa sauti. Mwalimu Kristina alifurahi sana.

Nitasema moja kwa moja. Sikungoja kiangazi. Mwezi wa tano, ndani ya boksi la saba, nilikuta picha ya mwanamke mwenye kilemba na shingo ndefu, anatazama pembeni. Nyote mnasema mama alikuwa na shingo ndefu. Nikasema basi, huyu anatosha. Nikamkata, nikamsimamisha mbele ya migomba na milima niliyoikata kwenye kalenda, chini nikaandika: Mama yangu. Jina lililokuwa mgongoni kwake nililisoma mara moja, nikaliziba kwa karatasi nyeusi. Katika masanduku kumi, hilo peke yake nililiziba.

Siku ya maonyesho akaingia mama mmoja anaitwa Ester, mtu wa Ngerengere, alikuwa mjini kwa shughuli zake. Alisimama mbele ya sanduku la kumi muda mrefu. Kisha akaniuliza polepole, "Mwanangu, dada yangu Sofia alikuzaa lini?"

Hakuuliza kwa ugomvi, Mjomba. Aliamini. Alidhani dada yake, ambaye ni marehemu, aliacha mtoto wasiyemjua. Akanishika mkono akatazama vidole vyangu, akatazama masikio, anatafuta ukoo wake kwangu, na alikuwa ameanza kutabasamu. Ikabidi nimwambie ukweli mbele ya watu wote. Niliiona furaha ikimtoka usoni. Nikaitoa picha ndani ya sanduku nikampa. Akanishukuru, na hapo ndipo iliponiuma zaidi.

Sasa sanduku la kumi lina migomba na milima, mtu hayumo. Nimechukua ndugu wa watu kwa sababu ndugu yangu ananinyima wangu. Nina hasira na wewe. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na heshima yako iko palepale. Ufunguo wa lile sanduku la bati unauvaa shingoni pamoja na rozari. Nimeuona tangu nikiwa mtoto.

Jesca


Mgeta
7 Julai 2024

Jesca, mwanangu,

Marahaba. Salamu za huku nitaandika mwisho, nikibaki na nguvu.

Ufunguo ninao. Ndani ya bahasha hii, katikati ya makadi mawili, kuna picha. Kabla hujaitoa, kaa chini.

Mama yako alifariki mwezi wa nne mwaka 1998, masika kama ya mwaka huu. Picha yake ilikuwa moja tu duniani. Aliipiga mjini mwaka uliotangulia, siku tuliyoteremsha plamu, na gauni alilovaa alijishonea mwenyewe. Siku ya maziko Gervas alichonga msalaba. Mimi nikasema msalaba mtupu hapana, anayepita ajue aliyelala hapa alikuwa na sura. Nikachukua mkasi wa cherehani wa Mama Wilfred, nikaukata uso wa Filomena, mraba, kama picha ya kitambulisho. Nikaubandika msalabani kwa gundi ya mbao na kuufunika kwa nailoni. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Mvua ilinyesha siku tisa. Ya kumi nilikwenda kaburini nikakuta maji ndani ya nailoni na karatasi nyeupe. Hata jicho halikubaki.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita, ninafundisha watu dini, na sikuwaza kwamba picha ikikatwa haichipui. Mimi ni mkulima, nimezoea migomba. Ulipokuja kuniuliza ukiwa na miaka saba nikasema ipo, maana kweli ipo. Mwaka uliofuata ikawa vigumu zaidi kusema, na uliofuata zaidi. Unajua kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayeshika vya dada yake. Mimi nilishikishwa kitu kimoja nikakitoboa. Kwa padri nimeungama mara tatu. Kwako sikuthubutu. Nilikuwa naogopa uso utakaoniwekea.

Yule mama wa Ngerengere, deni lake ni langu, si lako. Ukimwona tena mwambie hivyo.

Salamu: sote wazima. Karoti tumepanda upya.

Severini


Kihonda
4 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Bahasha imefika. Nilikaa chini kama ulivyosema.

Gauni lina kola ya mviringo na vifungo sita, cha nne kimeshonewa uzi wa rangi nyingine. Mikono ni ileile ninayoikumbuka. Juu ya kola kuna mraba mtupu, na kupitia mraba huo nikaona meza yangu.

Tumepekua maboksi yote kumi na moja tena, mimi na Sabra, maana nilifikiri huenda ni baba yake aliyempiga picha mama. Hakuna nakala. Filamu zenyewe zilioza kwa unyevu zamani.

Hayo mengine uliyoandika nayaacha kwanza. Lakini sanduku nalijenga upya, na picha hii siigusi kwa wembe. Nimeipeleka kwa walewale wanaochapisha mabango kwa kompyuta, wamenikuzia hadi kimo cha mtu, na yenyewe nimeirudisha ndani ya makadi yake. Mwambie Mzee Gervas alibashiri vizuri, sanduku hili lina ukubwa wa kabati. Dadi anasema tarehe saba Septemba ana nafasi mbele. Njoo uone.

Jesca


Mgeta
15 Septemba 2024

Jesca,

Salamu kwako na kwa Happiness. Nilifika salama. Dadi alinishusha karibu na kigango nikamalizia kwa miguu, magoti yakalalamika mpaka jana. Mama Wilfred ameuliza nilichokiona, nikamwambia ni kama kuchungulia nyumbani kwa watu na wenyewe wamekuruhusu. Gervas nimemwambia pembe zimeungwa vizuri. Amevimba kichwa.

Kuna jambo moja. Ulipolisogeza sanduku la mama yako dirishani, mimi nilizunguka nyuma nione meno ya chini. Nilipoinuka nilikuona upande wa pili umeziba mdomo kwa mkono na machozi yanakutoka. Ulisema kitu, sikukisikia. Nikaona haya kukwambia urudie. Nikasema moyoni, huyu sasa ameona nilichomfanyia, kwa ukubwa wa mtu mzima. Ndiyo maana nilitoka mapema kumtafuta Dadi na chai yako sikuinywa.

Nimeelewa, mwanangu. Msamaha si kitu cha kudai. Wewe endelea na kazi, na mboga nitaendelea kuleta.

Severini


Kihonda
22 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Happiness anakusalimu, anasema ulisahau kofia. Hukuelewa hata kidogo, na kosa ni langu, maana ulipotoka nilibaki nimekaa sakafuni badala ya kukukimbilia.

Nikueleze sanduku lilivyo, kwa sababu wewe ulilitazama kifundi, pembe tu. Mbele amesimama mama na gauni lake, na penye uso nimeacha tundu kama lilivyo. Katikati, kulia na kushoto, nimesimamisha migomba, matuta, na watu wa kwenye maboksi wanaotazama upande wake. Nyuma ya tundu sikuweka kitu. Niliona kumwekea uso mwingine tena ni kurudia yaleyale, basi nikaacha njia wazi mpaka mwisho, na mgongo hakuna.

Ukainama kutazama meno. Kisha ukainuka. Uso wako ukaja ukakaa palepale, Mjomba. Kola ya mama, vifungo vya mama, na juu ya kola mtu ananitazama ana wasiwasi, vindevu vyeupe na vyote, lakini macho yale, na lile paji, na shingo. Mama Wilfred alikuwa anasema wewe na mama mlifuatana ziwa, mkafanana mpaka bibi alikuwa anamchapa huyu kwa kosa la yule. Mimi nilisikia kama hadithi. Miaka ishirini na sita nautafuta uso ambao ndio ulionilea, ulionipeleka shule, ulionisimamia harusi.

Unataka kujua nilisema nini. Nilisema, "Mama, usisogee." Wewe hukusikia, ukasogea.

Sina cha kukusamehe ambacho hakijaisha. Nakupenda. Rudi, chai ipo.

Jesca


Mgeta
29 Septemba 2024

Mwanangu Jesca,

Marahaba. Barua yako nimeisomea shambani, Dadi alinikuta huko. Mama Wilfred akaja akaona ninalia katikati ya karoti, akadhani kuna msiba Dodoma. Nikampa asome mwenyewe. Amekaa chini kwenye tuta, akasema bibi yako kweli alikuwa anakosea, na kwamba fimbo nyingi za Filomena nilizila mimi. Nimefurahi kwamba zina faida.

Karoti tunang'oa Alhamisi. Ijumaa Dadi anashuka na mimi nashuka naye. Ndevu nitanyoa, Filomena hakuwa na ndevu. Kilemba kama alivyokuwa akifunga yeye mtanifunga nyinyi, sijui mambo hayo.

Weka stuli, magoti unayajua. Mwite na Happiness asiende kucheza. Nitakaa nyuma ya hilo sanduku mpaka mshibe.

Mjomba wako,
Severini